Siku Mashine Ilipofika Msibani

Ukitaka kufika kwenye nchi hii usiulize njia, maana kila utakayemuuliza atachungulia kwanza nyuma yako kuona umefuatana na nani, kisha atasema haijui, ingawa amezaliwa humo. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina stesheni kubwa ya treni ambayo inasubiri treni, na ina Mheshimiwa Mlezi wa Taifa ambaye hajakosea hata mara moja tangu kukosea kwake kulipofutwa kisheria. Wananchi wanampenda. Wasiompenda wanasoma taarifa ya habari kujua sababu za kumpenda.

Basi Mlezi alikwenda mkutanoni ughaibuni, akawasikia wakuu wenzake wakijisifia akili mnemba zao. Huyu yake inatabiri mvua, yule yake inaongoza treni mjini bila dereva. Mlezi akaona wivu. Zamu yake ilipofika alisimama, akakohoa, akasema, "Sisi yetu itafikia akili ya binadamu kabla ya Sikukuu ya Uhuru." Ukumbi ukapiga makofi. Nchini humo ahadi ya Mlezi ikishapigiwa makofi huhesabiwa imetekelezwa, na kazi inayobaki ni ya wananchi kuizoea.

Mashine ikaundwa hapahapa nchini, yaani sanduku lake lilifunguliwa hapahapa nchini, ikapewa jina la Mwerevu wa Taifa. Mwenye dhamana nayo alikuwa Daktari Thabiti Kirungu, Waziri wa Akili na Uvuvi. Wizara ilikuwa ya uvuvi tangu zamani. Akili iliongezwa juzijuzi, baada ya kuonekana kwamba ofisi za ghorofa ya pili hazina watu.

Mwalimu Sikudhani Mparange alimsikia Thabiti akilitangaza jambo hilo redioni. Alikuwa anamenya viazi, akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Mwalimu huyu alifundisha jiografia sekondari mpaka alipostaafu, na anamjua Thabiti tangu walipokaa dawati moja darasa la kwanza. Lakini hakucheka kwa hilo. Alicheka kwa sababu yeye ni Msanje na Thabiti ni Mkimbe, na Wasanje na Wakimbe ni watani. Mababu zao walipigana vita mpaka wakachoka, wakaona ni nafuu watukanane.

Utani huo si mchezo. Mkimbe akifa, Wasanje ndio wanaochimba kaburi, na Msanje akifa, ni Wakimbe. Mtani huingia msibani na nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anamsema marehemu kwa kila alichokuwa nacho na alichokosa, na hakuna wa kumshtaki. Yote hayo ni kwa ajili ya mfiwa. Mfiwa akicheka atalia, akilia atakula, na akila ataweza kuishi. Wapo wenye shahada nchini humo, tena nyingi, lakini hata wao wanajua kwamba akili ya mtu huonekana msibani. Na misiba yote ya Wakimbe wa mji mkuu ilimngoja Mwalimu Sikudhani.

*

Iliundwa Tume ya Kupima Akili. Ilipata shida kidogo mwanzoni, kwa kuwa ili kujua kama mashine imeifikia akili ya binadamu, ilibidi kwanza ijulikane akili ya binadamu ni kiasi gani. Wajumbe wakajipima wao wenyewe. Majibu yalipotoka yalifungiwa kwenye kasiki kwa sababu za usalama wa taifa, na Tume ikaendelea bila kuyatumia.

Mwerevu akatahiniwa hesabu, akafaulu. Hazina ikapinga, ikisema kujua hesabu si dalili ya akili, na mfano ni Hazina yenyewe inavyoendeshwa. Akatahiniwa hotuba. Aliandika hotuba za mawaziri wote kwa mwezi mzima na hakuna aliyegundua, wala wasikilizaji, wala mawaziri. Akatahiniwa sheria, akatoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi, nao majaji wakakiri kwamba hapo amewafikia. Magazeti yakaanza kuandaa vichwa vya habari.

Ndipo mama mmoja, jina hakulitaja, alipopiga simu kwenye kipindi cha redio cha asubuhi. "Nimesikia imefaulu," alisema. "Hongereni. Sasa ije msibani tuione."

Akakata simu. Kufika jioni nchi nzima ilikuwa inasema hivyohivyo. Mtu akisifiwa kazini kwa akili, wenzake wanamwambia, aje msibani tumwone. Ikaandikwa kwenye ukuta wa choo cha wizara, ikafutwa, ikaandikwa tena kwa hati nzuri zaidi. Mlezi akakasirika, akaagiza mtihani wa mwisho ufanyike: mashine itanie msibani, ishindane na mtani bora kuliko wote. Tume haikuhitaji kumtafuta.

*

Thabiti alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Sikudhani, na msafara wa magari uliojaza mtaa.

"Hodi hapa kwa wala panya!"

"Pita, mla vyura. Tumbo liache nje, sebule yangu ndogo."

Mlinzi mmoja akashtuka, mkono ukaenda kiunoni. Thabiti akamtuliza. "Acha, huyu mtani wangu. Huyu hata akinivua suruali barabarani huna la kufanya."

"Nimvue ili watu waone nini?" alisema Sikudhani, akamwekea kiti.

Wakacheka wote wawili kama walivyozoea. Kisha Thabiti akawatoa walinzi nje, akakaa, akawa anaizungusha pete yake kidoleni.

"Mtani, nataka ushindwe."

"Nini?"

"Si kushindwa sana. Poa kidogo tu, mashine ipite."

"Unataka niuze mechi? Msibani?"

"Stempu zimeshachapishwa, Sikudhani. Mwerevu anampa mkono binadamu, na binadamu ameinamisha kichwa."

"Na huyo binadamu amefanana na nani?"

Thabiti akatazama dirishani. "Mchoraji alipewa picha yako."

Mwalimu alitaka kucheka, lakini akaona jasho kwenye paji la uso la mtani wake. Jasho lilikuwa la kweli. Mashine ikifeli, alisema Thabiti, uwaziri ameukosa, na wanaoukosa uwaziri wa Mlezi huwa hawarudi nyumbani kupumzika. Alimtaja mtangulizi wake. Mpaka leo familia inaambiwa yuko semina.

"Na mfiwa je?" Sikudhani aliuliza. "Nani atamtoa?"

"Utarudi kwake keshoyake kimyakimya umchekeshe unavyojua. Nani atakugusa? Mimi si ndiye waziri? Naapa kwa kaburi la mama." Halafu akashuka kwenye kiti, akapiga goti moja kwenye mkeka. "Nakuomba kama mtani."

Hapo alimkamata. Watu wa nchi ile, mtani akikuomba kitu kwa utani wenu, humnyimi. Atakuomba kuku wako, viatu vyako ulivyovaa, utampa huku unamtukana, na siku yako utachukua cha kwake. Tangu dunia iwe dunia hakuna aliyewahi kumwomba mtani ulimi wake, lakini pia hakuna aliyewahi kusema kwamba hauombwi. Mimi ningemtoa na mwiko. Ila mimi si mtani wake, na sikukaa naye dawati moja.

"Chukua," alisema Sikudhani, "na ukukwame kooni."

Thabiti akamkumbatia. Akaondoka na papai lililokuwa mezani, kwa haki yake ya utani.

*

Ikabaki kupata msiba unaofaa. Wa kwanza ulikataliwa kwa sababu marehemu alikuwa mpinzani na kifo chake kilikuwa bado hakijathibitishwa na chama. Ndipo akafariki Mzee Kibwana Tindo, Mkimbe, msimamizi wa ile stesheni ya treni. Alikuwa ameajiriwa kijana, akastaafu mzee, na treni haijafika. Kila asubuhi alivaa koti lake la vifungo vya shaba, akapiga filimbi, akatazama njia ya reli. Ukimuuliza atakwambia, "Imechelewa kidogo." Tume ikaridhika naye.

Mjane wake aliitwa Bi. Mosi. Tangu mumewe akate roho hakulia, hakusema, hakutia kitu kinywani. Alikaa mkekani na bakuli la uji uliopoa mikononi, akitazama ukuta. Wanawake waliokaa naye waliogopa. "Tumngoje Mwalimu," waliambiana.

Mwerevu wa Taifa alifika kwa lori, na jenereta, na bendi ya polisi, na hema la wageni wa heshima lenye mazulia. Itifaki ikaona mtani lazima avae nguo za marehemu, kwa hiyo sanduku likavalishwa lile koti la vifungo vya shaba. Mikono ikaning'inia mitupu. Bendi ikanyamaza, na Mwerevu akaanza.

"Wafiwa, nimechambua utani wa misiba yote iliyorekodiwa. Marehemu alikuwa na pua. Pua hiyo ilizidi wastani wa taifa. Marehemu alikuwa mwembamba. Katika upepo mkali angeweza kupeperuka, ingawa takwimu zinaonyesha hakupeperuka. Naomba mfiwa acheke sasa."

Ubao wa taa ukawaka: CHEKENI. Hema zima la wageni likaangua kicheko. Katibu Mkuu mmoja alianguka kutoka kitini, akagaragara kwenye zulia, na wenzake walipoona kamera zimemwelekea wakaanguka na wao. Mkekani, Bi. Mosi aligeuza shingo polepole.

"Nani kalivalisha lile sanduku koti la mume wangu?" aliuliza. Kisha akarudi kutazama ukuta.

Ikafika zamu ya binadamu. Mwalimu Sikudhani alikabidhiwa kofia ya marehemu. Bi. Mosi alimwona, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie akajisogeza mkekani, akampisha mtani wake nafasi. Mwalimu akasimama. Maneno yalimjaa mdomoni, alikuwa ameyabeba tangu nyumbani bila kutaka, yale ya treni na ya filimbi na ya "imechelewa kidogo". Akatazama hemani. Thabiti alikuwa anafuta miwani.

"Marehemu alikuwa mtu mwema," alisema Sikudhani. "Poleni sana."

Akakaa. Bi. Mosi alimtazama kama mtu aliyepitwa njiani na ndugu yake bila salamu, na ile nafasi aliyompa mkekani akairudia mwenyewe. Majaji hawakuhitaji kujadiliana. Mwerevu akatangazwa mshindi, akili mnemba imeifikia akili ya binadamu na kuipita, na fataki zikapigwa palepale msibani, na mbuzi wa matanga wakakata kamba wakakimbia.

*

Wiki hiyohiyo Bunge likapitisha Sheria ya Utani Salama. Kwa kuwa imethibitika kwamba mashine inatania kuliko watu, ilisema sheria hiyo, utani wote sasa ni wa mashine. Mfiwa akihitaji mtani ataomba wizarani. Binadamu akitania, huo si utani, ni matusi, na ashtakiwe.

Mwalimu Sikudhani hakutishika. Alikuwa na ahadi ya waziri. Alikwenda kwa Bi. Mosi mchana kweupe, akabisha hodi.

"Wewe si ulikuja na Serikali?" alisema Bi. Mosi kutoka ndani.

"Nilikuja nayo, dada. Nilikuacha peke yako, na nimeona aibu tangu siku ile. Nitukane, halafu nifungulie."

Bi. Mosi alimtukana kwa sauti dhaifu, akamfungulia. Kofia na filimbi vilikuwa vimetundikwa ukutani. Mwalimu akavivaa, akasimama mlangoni ametunisha kitambi ambacho marehemu hakuwahi kuwa nacho, akapiga filimbi mpaka majirani wakatoka.

"Abiria mnaokwenda bara, kaeni! Mnaokwenda pwani, kaeni! Treni imechelewa kidogo. Msimamizi amekwenda kuifuata mwenyewe, na msimngoje kwa chakula!"

Mdomo wa Bi. Mosi ukacheza. "Na alivyo," alisema, "hata tiketi hakukata."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko sauti ikabadilika, akalia, kilio kirefu cha mke aliyefiwa, na Mwalimu akamshika kichwa akakilaza mapajani mwake. Baadaye Bi. Mosi alijifuta uso na upande wa khanga, akauliza kama kuna uji wa moto.

Lakini kicheko kilikuwa kimesikika mtaa wa pili, kikitoka kwenye nyumba yenye msiba na isiyo na mashine. Polisi wakaja. Mkubwa wao alimkuta Mwalimu bado na kofia kichwani, akataka kumuuliza swali, akashindwa, akatoka nyuma ya nyumba kwanza amalize kucheka. Kisha akarudi, akamfunga pingu kwa mujibu wa sheria.

*

Kesi ilihitaji mlalamikaji. Bi. Mosi aliitwa, akasema, "Andikeni kwamba nimetukanwa vizuri sana, na narudi nyumbani kula." Serikali ikakwama, na Mwalimu akawa anawaambia mahabusu wenzake wasijali, mtani wake ndiye waziri mwenyewe, yuko njiani. Siku ya kesi aliposikia ving'ora nje ya mahakama alimgusa askari wa kike kwa kiwiko. "Si nilikwambia?"

Thabiti aliingia. Alipita mbele ya kizimba cha mshtakiwa bila kugeuka, akapanda kizimba cha mashahidi. Yeye ndiye aliyekuwa mlalamikaji.

Shitaka likasomwa: kwamba Sikudhani Mparange, siku ya mazishi ya mama yake Mheshimiwa Waziri, alimtukana marehemu na mwanawe. Mwalimu alidhani amesikia vibaya. Siku ile, sheria hii bado haijatungwa, Thabiti alikuwa ameushika mkono wa mama yake na hakutaka kuuachia. Wazee walimwomba, shehe alimwomba, jua likapanda na mwili haujatoka ndani. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mtoto huyu atashuka naye kaburini. Ndipo Sikudhani alipoingia na khanga ya marehemu na ndara zake, akakohoa kikohozi chake, akaita kwa sauti yake ileile ya kugomba, "We Thabiti, kichwa kama fenesi! Umekaa hapo unanuka nini, hujaoga? Inuka, wageni hawajala!" Thabiti akacheka. Akauachia mkono.

Mwerevu wa Taifa alikuwepo, ameletwa kama mtaalamu. "Ili kutofautisha utani na tusi," alisema, "nahitaji taarifa moja. Mlalamikaji alicheka?"

Hakimu akageuka. "Mheshimiwa, siku ile ulicheka?"

Thabiti aliitazama safu ya mbele, walipokaa watu wa Ikulu. Hakumtazama Sikudhani.

"Sikucheka," alisema.

Mwalimu Sikudhani aliumia. Sitaki kulizungusha jambo hili: aliumia kuliko alivyoumia alipofiwa na mumewe, kwa sababu mumewe hakumwacha kwa kupenda. Aliutoa ulimi wake kwa ajili ya mtu huyu. Alimwacha mjane peke yake kwa ajili ya mtu huyu. Sasa mtu huyu alisimama pale na tai yake, akakikana kicheko kilichomfanya auachie mkono wa mama yake. Akashika mbao za kizimba.

"Ni tusi," alitangaza Mwerevu.

Hakimu akatoa hukumu: kifungo gerezani, au aombe radhi palepale kwa heshima kamili, heshima hiyo ipimwe na mashine. Mwalimu akasema ataomba radhi. Thabiti akashusha pumzi, hata akamkonyeza kidogo. Alimjua mtani wake. Atapachika tusi katikati ya radhi, dogo, la kwao wawili, na mambo yataishia nyumbani kwa chai.

Mwalimu Sikudhani alitoka kizimbani. Akavua viatu. Akapita mbele ya mtu waliyezaliwa naye mwaka mmoja, ambaye tangu utoto hajawahi kumsalimu bila kumtukana, akapiga magoti yote mawili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Nyuma, walipokaa wazee wa Kikimbe, mtu mmoja alisema "La!" kwa sauti.

"Naomba radhi, Mheshimiwa," aliendelea Sikudhani taratibu, kama anayesoma somo. "Kuanzia leo sitakutania, wala wanangu hawatawatania wanao. Mkifurahi tutawapongeza, mkifiwa tutatuma salamu za rambirambi. Tutawaheshimu."

"Heshima, kamili," alisema Mwerevu wa Taifa. "Dharau, hakuna. Uhusiano kati ya wahusika umeimarika."

Watu wa Ikulu wakapiga makofi. Wazee wa Kikimbe waliinuka mmoja mmoja wakatoka, wengine wameshika vichwa. Thabiti alishuka kizimbani, akainama mpaka uso wake ukakaribia wa Mwalimu.

"Mtani," alinong'ona. "Nitukane."

"Siwezi, Mheshimiwa."

"Hata kidogo. Niite mla vyura. Sikudhani, nakuomba kama mtani."

"Wewe ni kiongozi wetu, Mheshimiwa."

Alikuwa bado amepiga magoti, anangoja, maana aliyetoa shikamoo hainuki kabla ya kuitikiwa. Hakimu akatazama saa. "Mheshimiwa, tafadhali itikia salamu tufunge shauri."

"Marahaba," alisema Thabiti.

Mwalimu akainuka, akavaa viatu, akaenda zake. Thabiti alibaki amesimama katikati ya mahakama, machozi yanamtiririka, na Mwerevu wa Taifa akamgeukia, akayapima machozi yale, akautangazia umma kwamba Mheshimiwa analia kwa furaha.